Njia ya Tonge

Bugali ndio wa kwanza kukataa. Tonge linashuka nusu, linasimama nyuma ya kifua, na mlaji anakunywa maji ya kulisukuma, anajigonga kifuani, anacheka kidogo ili wenzake sahanini wasihangaike. Wiki chache baadaye nyama nayo inakataa, kisha makayabu, hata ikichambuliwa miba yote. Anahamia kwenye wali, maana kwetu Maniema, mashariki ya Kongo, ni nchi ya mpunga na wali huteleza kuliko bugali. Wali ukishakwama inabaki sombe iliyotwangwa ikalainika, halafu uji, halafu maji matupu. Mwishoni mtu huyo anatembea na kopo la kutemea, kwa sababu hata mate yake mwenyewe hayana pa kupita.

Safari hiyo madaktari wameiweka katika tarakimu tano. Anayekula kila kitu ni 0. Anayepata shida na vyakula vigumu tu ni 1. Anayeweza vyakula laini peke yake ni 2, wa vinywaji tu ni 3, na asiyeweza kumeza chochote ni 4. Nakipenda kipimo hiki kwa kuwa hakianzii maabara. Kinaanzia mezani, na mke wa mgonjwa anaweza kukijaza bila kuwa na cheti cha chuo chochote. Ufundi ninaotaka kuusifu hapa, wa kuweka mrija katika umio ulioziba kwa saratani, unajipima kwa tarakimu hizo hizo. Fundi wake hadai kuondoa uvimbe. Anachodai ni kumrudisha mtu kutoka 4 hadi 1, na mara nyingi anafanikiwa kwa muda usiozidi nusu saa.

Niseme mapema ili asidanganyike mtu: mrija hauponyi. Anayewekewa ni yule ambaye kisu hakimfai tena, na hao ndio wengi. Umio ni mfereji wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi, na una uvumilivu uliopitiliza. Hutanuka kupisha kila kinachokuja, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua ndani yake muda mrefu bila mwenyewe kujua. Kwa kawaida chakula kigumu huanza kukwama pale njia inapobaki na upana wa milimita 13 hivi. Siku mtu anapolalamika kwa mara ya kwanza, ugonjwa umeshajenga. Tena umio hauna ule utando wa nje unaoufunika utumbo, na saratani haikawii kuvuka na kushika bomba la hewa na mishipa mikubwa ya damu iliyo jirani. Mwaka 2022 duniani kote waligunduliwa wagonjwa wapya wapatao 511,000 wa saratani hii, na mwaka huo huo ikaua watu wapatao 445,000. Tarakimu mbili zinazokaribiana namna hiyo zinaeleza zenyewe jinsi wagonjwa wanavyofika wamechelewa.

Afrika ina ukanda wake wa ugonjwa huu, unaoteremka kutoka Ethiopia kufuata Bonde la Ufa, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Sababu hazijafafanuliwa zote. Tumbaku imo, pombe kali imo, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviingiza vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, katika orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kinachowashangaza madaktari wa magharibi ya Kenya ni umri: wanampokea kijana wa chini ya miaka 30 mwenye ugonjwa ambao kwingine ni wa wazee. Sisi wa Maniema tuko pembeni mwa ukanda huo, lakini tumbaku tunayo, na pombe kali ya lotoko tunayo.

Kuingiza kitu ndani ya umio wa binadamu hai ni wazo ambalo watu wenye akili zao walilihofia kwa muda mrefu, na walikuwa na haki. Mwaka 1868, huko Freiburg, Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alimtumia mtu wa maonyesho, aliyezoea kumeza panga, ili ajue kama bomba lililonyooka linaweza kufika tumboni. Lilifika. Shida ikabaki mwanga, na nani zaidi ya mmeza panga angekubali. Ilichukua karibu miaka tisini mpaka Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Bethal, Afrika Kusini, alipotengeneza huko Marekani kamera inayopindika, yenye nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Mwaka 1957 aliimeza yeye mwenyewe kabla ya kuipitisha kwa mgonjwa. Mimi humheshimu sana fundi anayeanza na koo lake.

Mirija yenyewe ni mikongwe kuliko kamera. Katika miaka ya 1880 Charters Symonds, mpasuaji wa London, aliweka mirija mifupi katika umio ulioziba, akaifunga uzi wa hariri uliotokeza mdomoni ili isitumbukie tumboni. Mwaka 1924 Henry Souttar, wa London pia, alileta mrija wa waya uliosokotwa. Huyu ndiye Souttar ambaye mwaka uliofuata aliingiza kidole chake ndani ya moyo wa msichana aliye hai kufungua vali iliyoziba, kwa hiyo si mtu wa kuogopa mahali pembamba. Baadaye ikaja mirija ya plastiki, ukiwemo ule wa Célestin wa mwaka 1959, na Afrika Kusini wakatengeneza wa mpira ulioimarishwa, uitwao Procter-Livingstone, uliotumika sana upande wetu wa dunia kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu.

Yote hiyo ilikuwa na kasoro moja. Mrija mgumu unaingia na upana ule ule utakaobaki nao. Ukitaka njia ya milimita 12, lazima kwanza uupanue uvimbe upite milimita 12, kisha uusukume mrija kwa nguvu, na nyama iliyoliwa na saratani haivumilii nguvu. Ilipasuka. Mgonjwa aliyekuja kutafuta uji aliondoka na tundu kifuani. Mwaka 1993 jarida la tiba la New England lilichapisha jaribio la Wajerumani, chini ya Knyrim, lililowagawa wagonjwa 42 kati ya mrija wa plastiki na ule mpya wa chuma unaojitanua. Kumeza kulirudi kwa pande zote mbili karibu sawa. Madhara ndiyo yaliyotofautiana: waliopewa chuma waliumia mara chache zaidi na wakatoka hospitalini mapema zaidi.

Chuma cha mirija ya siku hizi kinastahili aya yake. Ni mchanganyiko wa nikeli na titani uliogunduliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na tabia yake ni kukumbuka umbo. Kikifinyangwa katika umbo fulani kwa joto kali, unaweza baadaye kukipinda, kukibana, kukinyonga, na kikipata joto la mwili kinarudi kule kilikotoka, polepole, bila kuamrishwa. Waya wake hufumwa kuwa bomba lenye matundu matundu na midomo iliyopanuka. Aliyekua kando ya mto Lualaba akiuona kwa mara ya kwanza atasema ni mgono wa samaki uliotengenezwa na mtu mwenye vidole vidogo sana, na atakuwa hajakosea, maana kazi ya zote mbili ni kukaa mahali penye mkondo bila kuchukuliwa. Sehemu ya katikati huvalishwa utando laini ili uvimbe usipenye matunduni na kuziba tena. Ncha huachwa wazi ili zishike ukuta wa umio.

Sasa jambo ambalo hunifanya nicheke peke yangu kila nikilifikiria. Aina moja ya mirija hii, iliyotumika sana, hubanwa juu ya mpira wake mwembamba kwa uzi mmoja uliofumwa kwa mtindo wa kroshia. Fundi anapotaka kuufungua, anavuta ncha ya uzi. Kroshia inafumuka pindo kwa pindo, kama kila mama aliyewahi kukosea vitambaa vya meza anavyojua, na chuma kinaachiwa sentimita kwa sentimita. Teknolojia ya jeshi la majini, na inayoifungua ni kazi ya mikono ya barazani.

Hospitali iliyoufanya ufundi huu kuwa wa Afrika Mashariki iko Bomet, Kenya. Ni Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1937 katika nchi ya Wakipsigis, nchi ya vilima na chai. Saratani ya umio ndiyo saratani wanayoiona kuliko nyingine zote. Mpasuaji Mmarekani Russell White na wenzake walianza kuweka mirija ya chuma huko mwaka 1999. Vitabu vya wakati huo vilisema kazi hii hufanywa chini ya eksirei inayoonyesha picha inayotembea, ili fundi aone waya wake umefika wapi na mrija umefungukia wapi. Mashine ya namna hiyo ni ghali, inahitaji fundi wa kuitunza, umeme usiotikisika na chumba chenye kinga ya mionzi. Nani anayo katika hospitali ya wilaya? Mwaka 2001 White, pamoja na Mungatana na Topazian, walichapisha makala iliyosema kwa ufupi kwamba kazi hii inafanyika bila eksirei, na wakaeleza namna.

Namna hiyo ndiyo naiona kuwa kilele cha ufundi. Hawakuongeza kitu, walipunguza. Walijiuliza eksirei inampa fundi nini hasa, wakagundua inampa jibu la swali moja tu: niko umbali gani? Swali la umbali linajibiwa kwa rula.

Tuifuate kazi yenyewe. Mgonjwa amekaa na njaa tangu jana, ingawa kwa huyu njaa si habari mpya. Analazwa ubavu wa kushoto. Koo linapuliziwa dawa ya ganzi, mkononi anachomwa dawa ya kumlegeza, na kipande cha plastiki kinawekwa kati ya meno ili asiume kamera. Muuguzi anasimama kichwani pake na bomba la kunyonya mate, na ndiye anayezungumza naye: “Mama, usimeze. Acha mate yatoke, mimi nayachukua. Pumua kwa pua.” Sauti hiyo ni sehemu ya vifaa. Mgonjwa anayepaparika hutikisa kila kipimo kitakachofuata.

Kamera inashuka. Pembeni mwake imechorwa alama za sentimita, na jino la mbele la juu la mgonjwa ndilo sifuri. Tuseme uvimbe unaonekana kuanza sentimita 27 kutoka menoni. Fundi anaisema namba hiyo kwa sauti na mtu anaiandika. Mbele yake sasa kuna ukuta wa nyama nyekundu na nyeupe, unaotoka damu ukiguswa, na mahali fulani ndani yake kuna tundu. Wakati mwingine ni dogo kuliko risasi ya penseli, tena halipo katikati. Kupitia mfereji ulio ndani ya kamera anaingiza waya mwembamba wenye ncha laini na kuusogeza kwa vidole viwili. Ukienda bila kupingwa, unaendelea. Ukijikunja au ukigoma, unarudishwa na kuanza upya. Hapa hakuna ushujaa. Waya uliolazimishwa unaweza kutoboa njia ya uongo ndani ya uvimbe, na kila kitakachopita juu yake kitapita njia hiyo ya uongo.

Waya ukishafika tumboni, kamera inatolewa huku waya ukibaki, na hapa inahitajika mikono minne inayoelewana. Mmoja anavuta kamera nyuma, mwingine anausukuma waya mbele kwa kiasi kile kile, ili ncha yake isitembee hata kidogo. Kisha vinapita vipanuzi, fimbo za plastiki zilizochongoka, kila moja nene kidogo kuliko iliyotangulia. Kiganja ndicho kinachosoma. Kipanuzi kinapokutana na uvimbe kinakuwa kizito, kinakwaruza, kisha kinaachia ghafla. Fundi mwenye busara huacha kamera inapoweza kupita, maana mrija utafanya kazi iliyobaki taratibu kuliko mkono wowote.

Kamera inarudi, sasa inavuka hadi ng’ambo. Uvimbe unaishia sentimita 34. Hesabu ni ya darasa la tatu: 34 kutoa 27 ni saba. Ongeza sentimita mbili juu na mbili chini, ili saratani ikiendelea kukua isiufikie mdomo wa mrija haraka, unapata 11. Mrija wa sentimita 12 utatosha, na mdomo wake wa juu ukae 25. Lakini hesabu ya darasa la tatu ina mtego, kwa sababu mrija uliofumwa ukitanuka hufupika. Ule ulio katika mpira wake ni mrefu kuliko utakavyokuwa umioni, wakati mwingine kwa theluthi. Kwa hiyo fundi anaupima nje, juu ya meza, na kubandika kipande cha plasta kwenye mpira unaoubeba. Plasta inawekwa kwa kuhesabu mahali mrija utakapoishia ukishafunguka, wala si pale unapoanzia ukiwa umebanwa.

Kamera inatoka tena, waya unabaki tena. Mrija unavalishwa juu ya waya na kushushwa mpaka plasta inagusa jino. Mmoja anaushikilia mpira papo hapo mdomoni, asiruhusu hata nusu sentimita. Mwingine anavuta uzi. Kroshia inafumuka. Ndani ya kifua cha yule mama chuma kinakumbuka umbo lake, na hakuna anayekiona. Wanaiamini namba. Kisha mpira na waya vinatolewa kwa upole, kamera inarudi kwa mara ya mwisho, na pale 25 wanaukuta mdomo wa chuma unaong’aa, mviringo, umeshika ukuta. Ukiwa umekaa chini kidogo, unashikwa kwa koleo ndogo na kuvutwa juu. Haujafunguka wote, utaendelea kutanuka kwa siku moja au mbili, na kifua kitauma siku hizo.

Nimeieleza kama vile kila kitu hukubali. Ufundi hasa umo katika visivyokubali. Uvimbe ulio juu mno, karibu na mlango wa umio, hauna nafasi ya sentimita mbili za akiba, na mrija ukigusa pale mgonjwa atahisi mfupa kooni usiku na mchana. Uvimbe ulio chini kabisa unalazimisha mrija kuvuka mlango wa tumbo, na tangu siku hiyo asidi inapanda bila kuzuiwa. Mtu atalala ameinua kichwa na kumeza omeprazoli maisha yake yote yaliyobaki. Kuna wagonjwa ambao saratani imeshatoboa hadi bomba la hewa, kila wakimeza wanakohoa chakula. Kwao mrija uliovalishwa utando hufanya kazi mbili kwa pamoja: unafungua njia na kuziba tundu. Na pale kipanuzi kinapopasua umio, jambo ambalo zamani lilikuwa karibu na hukumu ya kifo, White na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba mrija ule ule ukiwekwa mara moja unaweza kuliziba tundu lililofanywa na mkono wa fundi. Nimewasoma wapasuaji wengi wakijisifu. Hawa waliandika juu ya matundu yao wenyewe, na kwa hilo nawaamini kwa mengine.

Mwaka 2009 katika Lancet Oncology walitoa hesabu ya karibu miaka kumi ya kazi hiyo, wagonjwa zaidi ya 900. Wastani wa ile tarakimu ya mezani ulishuka kutoka 3.3 hadi 1.0. Kwa lugha ya jikoni, watu waliokuwa wakimeza vinywaji kwa taabu walirudi kwenye vyakula karibu vyote. Waliofuatiliwa hadi mwisho, nusu yao waliishi zaidi ya miezi minane hivi baada ya kuwekewa. Miezi minane si mingi. Lakini ulinganishe na njaa: mtu asiyemeza hata maji hauawi na saratani, anauawa na kiu, na hiyo ni hesabu ya siku.

Kuna watakaouliza kwa nini tusingoje mionzi. Mionzi ni tiba nzuri, na mahali ilipo itumike. Ila inachukua wiki kufungua njia, nayo haipatikani kila kona. Uganda, ambako wengi wa mashariki ya Kongo hukimbilia wakiwa na uwezo, ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi ya umma, pale Mulago, na mwaka 2016 ikafa kabisa. Nyingine ilianza kazi 2018. Mrija hufanya kazi mchana ule ule. Wapo pia wanaotobolewa tumbo na kulishwa kwa mpira. Wanaishi, ni kweli, lakini hawaonji kitu na bado wanatema mate. Sioni jinsi ya kuita huko kula.

Kikwazo kikubwa kilikuwa bei. Katika nchi tajiri mrija mmoja huuzwa zaidi ya dola 1,000. Watafiti na madaktari wa ukanda huu waliunda muungano wao wa saratani ya umio barani Afrika, na kwa kushirikiana na shirika la Clinton la upatikanaji wa huduma za afya wakafikia makubaliano na kampuni ya Boston Scientific ili hospitali za Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia zipate mirija kwa bei ya chini sana. Pamoja na mirija yakaenda mafunzo, kwa kuwa mrija bila mikono iliyofundishwa ni chuma tu. Katika kizazi kilichofuata cha Tenwek wamo Wakenya, kama mpasuaji Michael Mwachiro, ambaye pamoja na mirija amejishughulisha na kuutafuta ugonjwa mapema kwa kunyunyizia umio rangi ya ayodini: sehemu nzima hugeuka kahawia, mbovu hubaki nyeupe. Kongo haimo katika orodha ya nchi nne nilizozitaja. Ingefaa kuwemo, na wa kulisukuma hilo ni wizara ya Kinshasa na wakuu wa afya wa majimbo ya mashariki.

Anayeumwa Kindu, mji mkuu wa jimbo letu la Maniema, mto ni wake na reli ni yake, lakini vyote viwili haviendi alikoandikiwa rufaa. Mashua inateremka Lualaba hadi Ubundu na kuishia kwenye maporomoko. Reli inaelekea kusini, Kalemie na Lubumbashi, kwa ratiba inayojulikana na Mungu. Inabaki ndege, kwa mwenye nauli. Ndiyo maana naihesabu ile makala ya 2001 kuwa iliandikwa kwa ajili ya miji kama wetu, hata kama waandishi hawakuwahi kulisikia jina la Kindu. Kazi hii inataka kamera moja inayofanya kazi, waya, vipanuzi vinavyooshwa na kutumika tena, jenereta ya kutosha saa moja, mpasuaji mmoja na wauguzi wawili waliofundishwa, na plasta. Chuo kikuu tunacho, hospitali kuu tunayo. Kati ya vitu vyote vya kisasa ambavyo jimbo hili linaambiwa lisubiri, hiki hakina sababu ya kusubiriwa muda mrefu.

Kwa mwenye ndugu aliyekwisha wekewa mrija huko alikokwenda, yapo machache ya kujua. Siku ya kwanza ni vinywaji tu, kisha uji, kisha vyakula laini. Sombe hupita vizuri, wali uliolegea na mchuzi hupita, samaki asiyekaushwa, asiye na miba, hupita. Bugali uwe laini, tonge liwe dogo, atafune mpaka achoke, anywe maji katikati ya mlo na baada yake. Nyama ya vipande na mkate mkavu ndivyo huziba, na kikiziba kitu arudi kwa waliomwekea, asisukumiwe chochote. Ale ameketi wima, na asilale mara baada ya kula.

Na kwako ambaye bado hujaambiwa chochote: vidonge vya vidonda vya tumbo vimewachelewesha watu wengi kwa miezi, wakimeza dawa huku njia inafungwa. Ukiona chakula kigumu kinakwama kwa zaidi ya wiki mbili, wewe au mzazi wako, uliza kamera iko wapi, na uende kabla hujafika kwenye uji.